Kiatu cha Pili cha Fundi Mwinshehe

Mtu mmoja alikuwa na pimamaji, kile kifaa cha waashi chenye kipovu ndani ya kioo, na kwa pimamaji hiyo aliukosoa mji mzima. Jina lake lilikuwa Fundi Mwinshehe. Ukimwalika chakula, kwanza aliiweka juu ya meza yako, akatikisa kichwa, ndipo akanawa mikono. Alipima vizingiti vya watu, akapima madawati ya shule, na siku ya kumzika jirani yake aliwarudisha wenye majembe mara mbili, akisema kwamba kwa kazi ile marehemu angelala miguu juu hadi Kiyama. Watu walimcheka, lakini walimpa kuta zao, kwa sababu ukuta wa Mwinshehe haukuwahi kuinama.

Aliyeinama alikuwa Mwinshehe mwenyewe. Tangu masika ya mwaka uliopita kitu kizito kilikuwa kimemkalia kifuani, wala hakujua kiliingilia mlango gani. Kila asubuhi, mkewe akiwa nje anawasha moto, aliketi ukingoni mwa kitanda akavaa kiatu kimoja. Cha pili alikishika mkononi. Hapo alikaa. Mwanzoni alikaa mpaka chai ichemke, baadaye mpaka chai ipoe, na kufikia kiangazi alikaa mpaka mkewe amalize kufagia uwanja wote na kuanza upya. Hakulia, hakulalamika. Alikitazama tu kile kiatu kama mtu aliyesahau kinavaliwa wapi. Aliogopa jambo moja, kwamba ipo asubuhi ambayo kitakataa kuvalika kabisa. Lakini hakuthubutu kumwambia mtu, maana nani angempa ukuta fundi aliyepinda? Ukimuuliza habari, alijibu "Nzuri!" kabla hujamaliza kuuliza. Wateja aliwaambia saruji haijafika. Saruji ilikuwa uvunguni, imeganda.

Ikatokea kwamba muuguzi wa zahanati aliwaita waigizaji waje kiwanja cha soko, wawaonyeshe watu ugonjwa wa sonona, ule wa moyo kuzama bila mtu kuona jeraha. Kikundi kile kilikuwa na desturi yake. Mtazamaji akiona jambo haliendi sawa, hupaza sauti, "Simama!" Mchezo husimama, naye huingia uwanjani akaicheza nafasi ile anavyoona yeye. Mwinshehe alikwenda, pimamaji kwapani. Yeye alikwenda kukosoa; mkewe, Mama Sikudhani, alikwenda kucheka, akapata nafasi mbele kabisa.

Aliyecheza mgonjwa alikuwa jamaa mwenye bidii. Alipiga mayowe. Alirarua shati ambalo lilikwisha kuraruliwa kwa ajili hiyo katika miji mingine mitatu. Aligaagaa vumbini, akang'ata nguzo, akamsihi mbuzi aliyekuwa akipita amwokoe. Watu walifurahi mno. Mama mmoja alimrushia ndizi. Mwinshehe alivumilia kwa kadiri ya uwezo wake, nao haukuwa mkubwa, kwani kazi mbovu ilimuuma kuliko jino. Kabla hajajua anafanya nini, alikuwa wima.

"Simama! Siyo hivyo!"

Akaingia uwanjani. Kwanza aliiweka pimamaji juu ya meza ya waigizaji, akaona aibu kwa niaba yao, akachomeka kipande cha kigae chini ya mguu mmoja. Watu wakashangilia. Kisha akaketi kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi, akatulia.

Hakufanya kingine. Kiwanja kizima kilicheka, maana hakuna kichekesho kama mtu mzima aliyeshindwa na kiatu. Mwigizaji wa nafasi ya rafiki akapita, akamuuliza habari. "Nzuri!" akajibu Mwinshehe kabla swali halijaisha, na uso wake wote ukang'aa; rafiki alipogeuka, uso ukashuka taratibu kama turubai lililolegezwa kamba. Watu walicheka hata wakashikana mabega. Rafiki akapita tena. "Nzuri!" Uso ukapanda, ukashuka. Mara ya tatu kicheko kilikuwa kimepungua. Mwenye bucha alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe. Mwalimu mmoja wa shule alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mwinshehe hakuwaona, alikuwa anaifanya kazi sawasawa, na kwa mara ya kwanza tangu masika aliridhika nayo.

Ndipo mkewe akainuka. Ni asubuhi ngapi alikuwa amekisikia kimya kile nyuma ya pazia, akadhani ni uvivu, akafagia kwa nguvu zaidi ili ufagio umsute? Sauti yake haikuwa kubwa.

"Baba Sikudhani, hili igizo umelifanyia mazoezi wapi?"

Mwinshehe alifungua mdomo atamke neno lake la siku zote. Lilifika mpaka kwenye meno, likagoma. Akakitazama kiatu. Hakikuwa cha mchezo, kilikuwa chake, kina chokaa kwenye kisigino. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote wenye kuta mjini.

"Nyumbani," alisema.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Sikudhani aliingia uwanjani, akapiga magoti vumbini, akamvisha kiatu mumewe na kukifunga kamba mafundo mawili, huku akimgombeza kwa kumficha, na huku analia. Yule jamaa wa mayowe aliuliza kwa unyenyekevu kama aendelee. Akaambiwa akae.

Jumatatu yake muuguzi alimpokea Mwinshehe zahanati. Hakupona siku ile, wala mwezi ule. Alipewa dawa, akapangiwa siku za kuja kuzungumza, na kila alipofika alilinyoosha kwanza bango la ukutani ndipo akaketi. Zipo asubuhi ambazo kiatu kilichelewa bado, ila sasa mkewe aliweka ufagio chini, akaingia ndani na kuketi kando yake mpaka kivalike. Wala ule mji haukumnyima kuta. Wa kwanza kumpa kazi alikuwa mwenye bucha, na walipokubaliana juu ya ukuta, alijikuna kichwa, akamwomba siku ya zahanati ampitie waende pamoja, kwa kuwa njia yenyewe ni moja.

Nanyi mlioketi mbele yangu, mliocheka sana habari za kiatu: asubuhi hii pale mlangoni kila mmoja wenu aliulizwa habari, na kila mmoja akajibu "nzuri". Je, ile ilikuwa habari, au yalikuwa mazoezi?