Tundu la Chini

Ndugu zangu, shamba ninalotaka kuwaonyesha leo upana wake hauzidi mlango. Msilicheke. Lilikuwa ndani ya kabati la nguo, katika chumba cha ghorofa ya tatu, na mwenyewe alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyestaafu kazi ya umatroni kwenye bweni la wasichana. Jengo zima lilimwita Matroni. Alikaa pale miaka sita, na sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza jina alilopewa na wazazi wake.

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu mfano ukianza na mtu mpweke, haraka tunamtafutia kosa, ili tusijione ndani yake.

Matroni alikuwa na kichupa cha mbegu za mchicha. Haukuwa mchicha wa sokoni. Huu ulikuwa na mshipa mwekundu katikati ya jani, na ukiupika mchuzi wake unakuwa kama maji ya rozela. Mama yake aliupanda nyuma ya jiko, na kabla ya hapo bibi yake. Nyumba ile iliuzwa na warithi, uani pakamiminwa zege. Akabaki yeye na dada yake, kisha dada akafariki. Sasa duniani, kwa kadiri alivyojua, mchicha ule ulikuwa umebaki ndani ya kichupa kile, na aliyeukumbuka alikuwa yeye peke yake.

Mtauliza, kwa nini asiupande juu ya paa, palipo na matangi ya maji na jua la kutosha? Alikuwa na majibu. Kunguru wataudonoa. Watoto watauchuma. Upepo utaangusha makopo. Yote kweli, ndugu zangu, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba juu kulikuwa na jua, lakini kulikuwa na watu pia. Wanawake wa jengo walikwenda kuanika nguo alasiri, wakakaa wakazungumza, na kila mmoja alikuwa na la kumuuliza mwenzake. Matroni alianika nguo zake chumbani.

Basi akatoa nguo kabatini, akapanga makopo ya udongo, akafunga juu taa kali ya kuoteshea miche, na akamwaga chini ya nusu ya mbegu zake. Nyingi zilikuwa zimezeeka, hazikuota. Zilizoota zilitosha. Ulikuwa msimu wa baridi, mchicha ukapanda vizuri, mshipa mwekundu ukaonekana. Akautazama akakumbuka mikono ya mama yake.

Akafanya jambo jema. Aliacha miche miwili ili izae mbegu, mingine akaing'oa pamoja na mizizi yake, akaiosha, akailinganisha urefu kama alivyozoea kupanga mistari ya wasichana, akaifunga kwa uzi na kuwagawia majirani. Kila fungu alilizungushia gazeti.

Hapo kwenye gazeti naomba tusimame kidogo. Sisi tunajua kwamba jirani akikuletea kitu kwenye sahani, sahani hairudi tupu. Utaweka chochote, hata maembe mawili, hata chumvi. Matroni aliijua desturi hiyo kuliko sisi. Ndiyo maana hakutumia sahani. Gazeti halirudishwi. Alitaka kutoa, na alitaka kuhakikisha kwamba hakuna atakayerudi mlangoni kwake na kitu mkononi.

Mlango wa pili alikaa dada mmoja kijana, ameolewa, mpole, asiye na maneno mengi. Siku alipopewa fungu lake alishukuru, akausifia ule mshipa mwekundu. Matroni akateleza ulimi, akasema, "Huu ni wa mama yangu." Ni sentensi moja tu, lakini kwa miaka minne ya ujirani wao ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Baada ya wiki kadhaa yule dada alibisha hodi, ameshika sahani iliyofunikwa kwa kawa. Matroni alifungua mlango upana wa kiganja. Akamwambia amekwishakula, asante sana, awapelekee watoto. Dada akarudi nayo. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo, tena saa nne ya asubuhi, saa ambayo hata mwongo hawezi kusema amekula mchana. Matroni alisema amekula vizuri sana asubuhi.

Sasa rudini nami kabatini. Ubao wa chini wa kabati lile ulikuwa na pengo lililotafunwa na panya, na Matroni hakuwa mtu wa kuvumilia pengo. Alimwita seremala akaliziba, na milango akaitia mpira pembeni ili vumbi na mende wasipite. Likawa kabati zuri. Ikaingia miezi ya joto, na ile taa ikaendelea kuwaka juu ya miche miwili ya mbegu.

Alipofungua siku moja aliona milango imetoka jasho kwa ndani. Alichukua kipimajoto chake cha kazini, kile cha kuwekea watoto kwapani, akakikung'uta na kukilaza juu ya udongo. Kikasoma arobaini na moja. Angekuwa mtoto wa bweni angempeleka hospitali kwa gari la shule. Miche miwili ilikuwa imelala, maua yameungua kabla hayajafunga mbegu hata moja.

Hakulia, aliandika kwenye daftari. Kisha akatafuta feni ndogo, ya aina inayotolewa kwenye kompyuta mbovu, akatoboa tundu juu ya kabati, akaiweka feni itoe joto nje. Akamwaga mbegu zote zilizobaki. Zikaota kidogo, akashangilia kimoyomoyo. Siku ya sita mche wa kwanza ukaanguka, shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo. Siku ya saba ikaanguka minne. Feni ilikuwa inanguruma usiku na mchana.

Siku ya nane ndipo yule dada alipobisha kwa mara ya tatu. Matroni alikuja mlangoni na udongo vidoleni. Dada alisema kwamba mumewe amehamishwa kikazi, wanaondoka Jumamosi, na kwamba ameleta kitu kidogo. Sahani ilikuwa ile ile, kawa lile lile.

"Nimeshakula, mwanangu."

"Matroni, funua tu uone."

"Nikifunua nitalazimika kula."

Yule dada alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwishakata tamaa. Matroni alimwombea safari njema, tena kwa moyo, nawaambieni. Kisha akafunga mlango taratibu, akarudi kwenye miche yake.

Wiki iliyofuata, miche ikiwa imebaki mitatu, alimwita fundi umeme aje kuangalia feni. Alikuwa mzee mwenye utani. Aliisikiliza feni, akaomba kipande cha udi na mkaa. Akashika chetezo mbele ya tundu la juu, na moshi ukasimama pale pale, hauendi ndani wala nje.

"Feni yako nzima, Matroni," akasema. "Inakula umeme bure tu. Umeiambia itoe, hukuipa cha kutoa."

Matroni akamwambia ndani kuna hewa.

"Hiyo ya ndani ndiyo hiyo hiyo inayozunguka na joto lake. Ukiziba chini, juu hakutoki kitu, hata ukiweka feni kumi. Toboa chini."

"Nikitoboa chini wataingia mende."

"Mende mwekee wavu," fundi akasema. "Hewa utaiwekea nini?"

Akakishusha chetezo hadi chini, akafungua mlango wa kabati upana wa kidole, na moshi wa udi uliokuwa umesimama ukakimbilia ndani, ukapanda kati ya makopo, ukatokea juu kwenye feni. Mbele ya macho yao. Ile mitatu ikatikisika. Kwa siku zote ilizoishi haikuwahi kutikiswa na kitu, ndiyo maana hata haikujua kusimama.

Matroni alitoboa tundu la chini jioni ile ile, akaliwekea wavu. Kesho yake miwili ilikuwa chini. Keshokutwa na wa tatu. Kipimajoto hakikufika hata alama yake ya kwanza, ya thelathini na tano, kiasi kizuri kabisa, na kabati likawa linapumua vizuri bila kuwa na kitu ndani. Akageuza kichupa juu ya kiganja. Kilikuwa kitupu. Aliandika kwenye daftari tarehe, na chini ya tarehe hakuandika neno.

Siku chache baadaye ikabishwa hodi. Alikuwa mpangaji mpya wa mlango wa pili, mwanamke wa makamo, amekumbatia beseni kuukuu la plastiki. Ndani ya beseni kulikuwa na udongo mkavu na mashina matano ya mchicha yaliyokauka, marefu, vichwa vyake vimejaa. Majani machache yaliyobaki yalikuwa yamejikunja, na katikati ya kila jani kulikuwa na mshipa wa rangi ya damu iliyokauka.

"Hii ni amana yako, mama," akasema. "Niliambiwa nikupe siku niliyohamia, nikasahau, na lilikuwa juu kwenye matangi. Yule dada alisema ulimpa mchicha una mizizi, naye alikula majani akapanda mizizi. Alisema alikuletea mara tatu kwenye sahani. Mara ya kwanza alikuwa ameupika, mara ya pili fungu bichi, mara ya tatu mbegu. Kila mara ukamwambia umeshakula."

Matroni alisugua kichwa kimoja cha mchicha kati ya viganja. Zikadondoka mbegu nyeusi, zinang'aa. Akauliza yule dada amehamia wapi. Mpangaji hakujua, akamuuliza kama hakuwa na namba yake ya simu. Hakuwa nayo. Akamuuliza basi jina lake nani, pengine watampata kwa jina. Matroni hakulijua, kwa maana wote walimwita yule dada kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hilo nalo hakulishika.

Mbegu alizipata, ndugu zangu. Mtu hakumpata.

Sasa tuje kwetu. Haki ya jirani tulifundishwa tungali wadogo, na wengi wetu tumeishika nusu, ile nusu ya kutoa. Hiyo tunaiweza. Ukiwa unatoa, unabaki juu, umesimama, mwenzako ndiye anayenyoosha mkono. Kupokea ndiko kugumu, kwa sababu anayepokea amekiri kwamba kuna kitu hana. Basi tunatoboa tundu la juu tu, tunanguruma kwa sadaka na misaada na salamu, na ndani yetu joto haliondoki. Kisha tunashangaa kwa nini tunanyauka ilhali tunatenda mema mengi kiasi hiki.

Nani kati yetu hajawahi kusema "nimeshakula" akiwa na njaa? Mgonjwa anaulizwa anaendeleaje, anasema vizuri. Mfiwa anaambiwa "nije nikae nawe", anajibu usijisumbue. Tunaiita heshima. Wakati mwingine ni heshima. Na wakati mwingine ni ule mpira wa pembeni ya mlango.

Mimi mwenyewe nilijiuliza swali hili wiki nzima kabla ya kusimama hapa, na jibu langu silitaji. Ulizeni na ninyi mkifika majumbani. Ni lini mara ya mwisho sahani ya jirani ililala kwenye kabati lako, ikikungoja uirudishe? Kama hukumbuki, tazama vizuri, pengine kabati lako ni safi mno.

Ukitaka kutoa wiki hii, usizungushie gazeti. Toa kwenye sahani yako, ile nzuri unayoogopa itavunjika, ili mwenzako awe na sababu ya kurudi. Na atakapobisha, amefunika kitu, usiwahi kumwambia kama umeshakula au bado. Hujui alichokushikia. Funua kwanza.