Hewa ya Jumba la Mimea

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Waliotuachia methali ya mbacha na msala hawakuuchukia msala, wala hawakudai kwamba mbacha ni mzuri. Mbacha hutoboka, hukatika ukindu, humkera anayeulalia. Walichokitazama ni jambo moja: mbacha ni wako na uko chini yako, msala unapita, na aliyekwisha kuutupa mbacha wake atalala chini siku msala utakapopita. Kisa hiki ni cha mtu aliyeijua tofauti hiyo kwa tarakimu, akaisahau kwa muda wa wiki moja.

Katika chuo kikuu kimoja kikongwe palikuwa na jumba la mawe lililoitwa Jumba la Mimea. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba mtu angeweza kulala katika kizingiti cha dirisha, akajigeuza, asianguke. Dari lilikuwa juu sana, na chini yake, pande zote mbili, palikuwa na safu ya madirisha madogo ya mbao yaliyofunguliwa kwa kuvuta kamba ndefu kutoka sakafuni. Ndani, katika makabati ya mbao ngumu, zilihifadhiwa karatasi elfu arobaini na moja. Juu ya kila karatasi ulishonwa mmea mmoja mkavu: shina, majani, ua, na pembeni lebo yenye mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma.

Mtunzaji wa jumba hilo wanafunzi walimwita Bwana Nukta, kwa sababu hakuwahi kusema "kama sitini" mahali ambapo angeweza kusema "sitini na mbili nukta nne". Alikuwa mkavu kama mimea yake, si wa kucheka ovyo wala kununa ovyo. Kitu kimoja tu kilimlegeza, nacho ni kabati la Bonde. Marehemu mwalimu wake alikaa miaka miwili katika bonde moja kabla halijafunikwa na maji ya bwawa la umeme, akachuma humo mimea mia tatu na kumi na miwili. Mingi kati ya hiyo haikuota popote pengine. Maji yalipopanda, ilibaki katika karatasi tu. Siku za mwisho za uhai wake, mwalimu alimshika mkono akamwambia, "Mimea mingine ina mahali pa kuchumwa tena. Hii ina wewe."

Aliyevuta kamba za madirisha alikuwa mfagizi wa jumba, mwanamke mtu mzima aliyejulikana kwa jina la Mama Kamba. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliingia, akasimama katikati ya sakafu, akanusa, kisha akafungua madirisha ya upande mmoja au wa pili, au akayafunga yote. Alipomaliza alipita makabatini, moja baada ya jingine, akiingiza kichwa ndani kama anayechungulia chungu jikoni. Kabati lililomtia shaka aliliacha wazi mpaka adhuhuri.

"Shikamoo, Mama. Hewa ikoje leo?" Bwana Nukta alimwuliza kila alipofika.

"Marahaba, mwanangu. Leo ina kiburi. Nimeifungia madirisha ya mashariki."

"Kiburi hakipimiki."

"Ndiyo maana wewe una mashine, mimi nina pua. Mashine yako inakula betri, pua yangu inakula ugoro. Wote tunalishwa."

Jumba halikuwa pepo ya duniani. Popo waliishi darini na kudondosha uchafu juu ya meza. Paa lilivuja pembe ya kaskazini, na Bwana Nukta alikuwa ameandika barua miaka tisa mfululizo akiomba litengenezwe. Barua zote zilijibiwa kwa adabu, na paa liliendelea kuvuja.

Kisha vikaja vioo. Chuo kilipata wafadhili, na mkuu mpya aliyetaka chuo kifanane na picha za vyuo alivyokwisha kuvitembelea. Kwanza ilijengwa maktaba, halafu ofisi za utawala, halafu maabara, yote marefu na yenye kung'aa kama sahani zilizotoka kuoshwa. Kila jengo jipya liliposimama, jengo moja la mawe lililala. Sheria ya majengo ya kale ilikataza kubomoa jengo linalotumika, isipokuwa mwenye kulitumia athibitishe kwa maandishi kwamba halifai kwa kazi yake. Kila mara alipatikana wa kuthibitisha.

Zamu ya Jumba la Mimea ilipofika, Makamu wa Mkuu wa Chuo alimwita Bwana Nukta ofisini, akamwonyesha mfano wa jengo la kadibodi lililokaa juu ya meza. Orofa ya pili ilikuwa yake: makabati ya chuma yenye mipira ya kuziba milangoni, ubaridi wa nyuzi ishirini, unyevu wa asilimia hamsini usiopanda wala kushuka.

"Mbona hufurahi?" Makamu aliuliza. "Miaka tisa unalilia paa. Leo nakupa jengo, unaniangalia kama nimekuletea hati ya mashtaka."

"Natazama tu, Mheshimiwa."

"Basi sikiliza. Sitaki uniandikie uongo. Kapime chumba chako cha sasa, kisha uandike ulichopima. Kikifaa, tutaliacha jumba."

Bwana Nukta alipima kwa siku saba. Wastani wa unyevu ulikuwa asilimia sitini na mbili nukta nne. Viwango vya kimataifa vilitaka usizidi hamsini. Alijaza fomu ya uthibitisho kwa mwandiko wake ulionyooka: *Chumba hiki hakikidhi viwango vya kuhifadhi mimea mikavu.* Akatia sahihi.

"Umepima hewa," Mama Kamba alisema alipoambiwa. "Na mimea, umeipima?"

"Fomu haikuuliza."

"Fomu haikuuliza. Na wewe?"

Jibu alikuwa nalo. Rejista ya jumba ilionyesha kwamba katika miaka sitini karatasi zilizoharibika zilikuwa kumi na moja, na saba kati ya hizo ziliponzwa na paa. Hewa ile isiyokidhi viwango ilikuwa imeua karatasi nne. Sentensi moja ingetosha kulieleza hilo chini ya sahihi yake. Lakini alilitaka lile jengo. Huo ndio ukweli, naye alikuwa mtu wa ukweli, ndiyo maana hakuutazama usoni.

Mimea ilihamishwa kwa mwezi mzima. Makabati ya mbao yalikataliwa kwa hofu ya wadudu, yakauzwa. Kabati jipya la chuma la Bonde Bwana Nukta alilitafutia mahali pa heshima, kando ya ukuta wa kioo, ili wageni wanaopita waone lebo yake. Mkandarasi alikuwa ameahidi kulibomoa Jumba la Mimea kwa siku nne. Kuta zilimgomea, zikamchukua siku tisa. Mahali pake pakasakafiwa pawe maegesho ya magari. Mama Kamba, kwa kuwa hapakuwa tena na kamba ya kuvuta, alipelekwa dobini kufua mashuka ya mabweni ya wanafunzi, katika jengo la zamani ambalo bado hakuna aliyekuwa na haja na kiwanja chake.

Mwaka wa kwanza ulikwenda kama maji mtelemkoni. Siku moja walikutana njiani, Bwana Nukta na faili lake, Mama Kamba na toroli la mashuka.

"Hamsini nukta sifuri, Mama. Mwaka mzima."

"Hongera, mwanangu. Na hiyo mashine ikiugua?"

"Haiugui. Ni mpya."

"Hata mimi niliwahi kuwa mpya," alisema Mama Kamba, akasukuma toroli lake.

Likizo ndefu iliyofuata iliangukia majira ya mvua. Chuo kilifungwa, na wafanyakazi wote, ila walinzi, wa karakana na wa dobini, walitakiwa kwenda likizo, Bwana Nukta akiwamo. Kadi zao za milango zikazimwa. Siku ya pili radi ilipiga, ikaunguza ubongo wa mashine iliyopoza jengo zima. Mlinzi wa zamu aliandika kitabuni kwamba taa zinawaka na hakuna aliyevunja mlango, na yote mawili yalikuwa kweli. Siku ya kumi na moja, akipita kwenye ngazi za orofa ya pili, alisikia harufu kama ya mkate uliosahauliwa mfukoni, akampigia simu mtunzaji.

Bwana Nukta alipofunguliwa mlango, vioo vilikuwa vinatoa jasho kwa ndani. Kipimo ukutani kilisoma themanini na nane nukta sita. Alimfuata Mhandisi wa chuo karakanani kwake.

"Kifaa cha mashine nimeshaagiza, mzee. Wiki tatu, kikipita forodha bila maneno."

"Wiki tatu sina. Nifungulie madirisha."

"Madirisha gani? Vioo vile ni kuta. Vimegundishwa."

"Basi vunja kimoja."

Mhandisi alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Nikivunja kimoja, dhamana ya jengo lote imekufa. Mkandarasi anangojea kisingizio hicho hicho asilitengeneze tena. Niletee barua ya Makamu."

"Makamu yuko wapi?"

"Safarini. Ameenda kupokea tuzo ya jengo."

Bwana Nukta aliandika barua. Aliandika vizuri, kwa tarakimu, akaituma, akangoja, kwa maana maisha yake yote alikuwa amengoja majibu ya barua. Siku mbili zikapita. Jibu lilipokuja lilisema ombi lake limepokelewa na linashughulikiwa. Alilisoma mara mbili, akalikunja, akachukua kiti cha chuma, akakipiga nacho kioo. Kioo kilijichora nyufa kila upande kama utando wa buibui, kikabaki palepale. Kilikuwa kioo cha tabaka, kilichotengenezwa kisianguke. Alipiga mpaka miguu miwili ya kiti ikapinda. Hewa haikuingia.

Ndipo alipokwenda dobini. Mama Kamba alimwona mlangoni, akanusa uvundo katika nguo zake. Aliangusha mashuka yaliyokuwa kambani, akageukia wanawake wenzake watatu.

"Jamani, leteni matoroli yote na yale mapazia ya plastiki. Na nani ana mikono mikavu?"

Chumba cha kuanikia nguo kilikuwa na matofali yenye matundu pande zote nne, na kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Kilitosha karatasi elfu mbili, labda elfu mbili na mia tatu zikibanwa. Ndani ya jengo la kioo zilikuwamo elfu arobaini na moja.

"Tuanze wapi, mwanangu?" aliuliza Mama Kamba walipofika orofa ya pili.

"Bonde."

Kabati lile lilikuwa kando ya ukuta wa kioo, na jasho la kioo lilikuwa limetiririka nyuma yake kwa siku kumi na moja. Mpira wa mlango ulinata; walivuta wawili. Ulipoachia, walisikia pumzi ya joto ikiwapiga usoni. Mipira ile iliyowekwa kuzuia unyevu usiingie ilikuwa imeuzuia usitoke. Karatasi zilikuwa zimeshikana zikawa bonge moja, na juu yake yameota manyoya meupe, laini, marefu kama ya kifaranga. Bwana Nukta alijaribu kuitenga karatasi ya juu kwa kisu chake cha mfupa. Ua lilibaki kwenye karatasi ya pili, kisha likawa uji chini ya kisu.

"Acha, mwanangu," Mama Kamba alisema. "Twende kwenye yanayobebeka."

"Hili ndilo nililoambiwa nilibebe."

"Najua. Twende kwenye yanayobebeka."

Walibeba siku nne, mvuani, chini ya mapazia, zilizokauka zikifungwa mafungu kupisha nyingine. Waliokoa walichokiokoa. Kifaa kilipofika na mashine ikanguruma tena, Bwana Nukta aliketi kuhesabu, kwa sababu hakujua kufanya jambo jingine. Karatasi elfu kumi na nane, mia sita na arobaini zilikuwa zimepotea kabisa. Za Bonde zilisomeka tisa, na kati ya hizo tisa hakuna hata moja iliyobaki na ua. Mmea usio na ua hauwezi kutambuliwa na mtaalamu yeyote. Kwa hesabu ya elimu, Bonde halikuwapo tena.

Makamu alirudi na tuzo yake. Alimpa Bwana Nukta pole ya dhati, akaamuru mashine ya pili inunuliwe. Hakuna aliyelaumiwa: mlinzi alilinda, mhandisi alichunga dhamana, mtunzaji alikuwa likizo kwa amri. Bwana Nukta aliisikiliza taarifa hiyo hadi mwisho, akatamani angalau mtu mmoja amlaumu.

Wiki hiyo hiyo alirudi karakanani kwa Mhandisi.

"Naomba michoro ya lile jumba la zamani. Chuo kina viwanja. Nataka kuandika ombi lijengwe dogo mfano wake, kwa hizi zilizobaki."

Mhandisi alitikisa kichwa. "Michoro haipo, mzee. Mafundi wa kale hawakuchora. Na chokaa ile, mimi mwenyewe nilipeleka kipande maabara wakashindwa kuniambia ilichanganywa na nini."

"Mawe yenyewe je? Yaliwekwa wapi?"

"Yalisagwa kokoto. Yamo chini ya msingi wa lile jengo jipya la tano."

Bwana Nukta alishukuru, akatoka. Alipita katikati ya maegesho, jua likiwa kali juu ya mabati ya magari, akapanda hadi orofa ya pili, akaketi mbele ya makabati ya chuma, mengi yakiwa matupu. Kipimo ukutani kilisoma hamsini nukta sifuri. Hakukuwa na kosa lolote katika kipimo hicho. Alikitazama mpaka kengele ya kutoka kazini ikalia, akaona hana tena Bonde aliloachiwa alilinde, wala mahali pa kurudi. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.