Amplifaya ya Mzee Mloka

Hapo zamani, wala si zile za sungura na fisi, ni juzi juzi tu, Kilosa palikuwa na mpiga gitaa, Mzee Mloka. Ujanani alipigia bendi ya shamba la mkonge, na gitaa lake lilitolea sauti kwenye amplifaya ya valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani. Nyie wa nyuma, acheni kutafuna miwa, mnisikie!

Siku moja daktari akamwambia, "Mzee, sikio la kushoto limekwisha. La kulia nalo halitamaliza mwaka." Mloka akalia kama mtoto. Akasema, "Basi kabla halijaziba, nisikie amplifaya yangu inavyolia, vilevile kama zamani. Nyingine sitaki."

Sasa iko wapi? Iko kwa Bi Msimu, mjane wa mpiga besi. Bendi ilipovunjika iliachwa nyumbani kwake, akaiweka uvunguni, akaifunika kanga. Wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu, akawafukuza kwa mwiko. Paa likavuja, akaokoa amplifaya, godoro likalowa. Miaka thelathini! Wanawe wakasema mama kachanganyikiwa, yeye anaifuta vumbi.

Ikapelekwa kwa Fundi Kibwana, mtengeneza redio. Watu wakamshauri, "Tia transista za kisasa badala ya valvu, utamaliza leo." Akakataa katakata: "Mzee kaomba yake, hakuomba mpya." Akafungua. Vyombo vile hubaki na umeme hata ukichomoa waya. Ukamrusha hadi mlangoni. Akainuka, akasema alhamdulillahi, akarudi kazini. Akabadilisha nyaya zilizooza, akapaka rangi ileile, spika iliyochanika akatia nyingine. Lakini valvu mbili zilikuwa zimekufa, na madukani ng'o!

Ndipo akaja Mwalimu Lugendo, mstaafu. Alikuwa na redio ya valvu ya marehemu baba yake, bado nzima. Kila asubuhi aliisikiliza taarifa ya habari, kwenye kiti kilekile alichokalia baba. Akazichomoa valvu mbili kwa mkono wake. Redio ikanyamaza, na mpaka leo haijasema neno.

Wakawasha. Mloka akapiga. Sauti ikatoka laini, safi kabisa. Mzee akashusha gitaa taratibu. "Asanteni sana, ndugu zangu. Lakini hii siyo. Yangu ilikuwa na mkwaruzo."

Wakatazamana. Mara Bi Msimu akajipiga paja. "Spika! Ilipochanika, marehemu mume wangu aliiziba kwa gazeti na uji wa muhogo!"

Loo! Fundi katengeneza hadi kapitiliza! Bahati nzuri Kibwana hatupi kitu. Kila anachofungua hukitia kwenye katoni yenye jina la mwenyewe. Akaitoa spika kuukuu, kiraka kingalipo, akairudisha.

Mloka akagusa uzi mmoja. Ikakwaruza. Mzee akacheka huku machozi yanamtiririka. "Ndiyo yenyewe! Mungu awape, jamani, Mungu awape!"

Akaanza kutunga wimbo wa shukrani. Sasa, bendi zile zilikuwa na mila yao: wimbo wa shukrani hubeba jina moja tu. Ukitaja wengi, wanasema umesoma orodha ya wageni wa harusi. Na sikio likishaziba, wimbo wa pili hakuna.

Bi Msimu akasema, "Nisingeitunza, mngetengeneza nini? Na kiraka nani alikikumbuka?"

Kibwana akasema, "Mama, heshima yako, lakini ulikuwa na sanduku bubu. Aliyerushwa na umeme ni mimi. Na bila katoni yangu, hicho kiraka kingekuwa jalalani."

Mwalimu Lugendo akazitazama valvu zake zinavyowaka. Kisha akasema, "Nyie leo majumbani mwenu hakuna kilichopungua. Kwangu pamepungua. Sijuti, lakini pamepungua."

Mloka anawashukuru wote watatu, moyo umemjaa. Wimbo umefika pale pa kutaja jina, naye anarudia mapigo yaleyale, anarudia, hajui aseme nani. Haya, semeni nyie, na mseme upesi angali anasikia: je, jina la nani linastahili kuimbwa?