Kwa Nini Mbuzi Huonja na Kuhama

Mambo yaligeuka siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, katika mwezi wa saba wa ukame, ulipong'olewa unyasi wa mwisho. Kabla ya hapo Mbuzi alikula kama wenzake wote: aliinamisha kichwa mahali pamoja, akakiinua akishashiba. Sasa bondeni vilibaki vichaka vya sumu tu: mtunguja, mbono, mnyaa na jamaa zao.

Mbuzi alikuwa na mtoto wa siku nne. Mtoto alivuta chuchu, akavuta tena, akalia. Maziwa yalikuwa yamekauka.

"Twende tukale," akasema dada yake, Kondoo. "Njaa inaua, sumu inaua. Mimi nachagua kufa nimeshiba."

Akauvamia mtunguja. Mbuzi akadokoa jani moja, akasita.

"Wee mdogo wangu, unakula kama bi harusi mbele ya wakwe!" Kondoo akamcheka, mdomo umejaa.

Jua halijafika utosini, Kondoo alikuwa amekufa. Mbuzi alimlilia huku mwenyewe akitetemeka, akalala kando yake kungoja zamu yake.

Zamu haikuja! Ndani ya ini lake Mungu alikuwa ameweka mafundi, wadogo kuliko vumbi, ambao hawakuwahi kupata kazi, wakawa wamelala. Lile jani moja lilibomoa kidogo ukuta wa ini, wakaamka. Wakaziba, wakashona, wakakandika. Na kwa kuogopa kwamba mbomoaji atarudi, wakakandika ukuta mnene kuliko wa kwanza. Mafundi wa Kondoo nao waliamka, ila nyumba nzima iliwaangukia.

Jioni Mbuzi akasimama, miguu imara! Kwa furaha akala majani matatu mfululizo, akaanguka tena, macho yamemtoka. Mafundi walikuwa bado wamechoka. Alipata nafuu alfajiri.

"Kumbe wanataka kidogo, na wanataka nafasi," akasema.

"Akina nani, mama?"

"Walio ndani yangu. Nyamaza, wanafanya kazi."

Kulipokucha akaonja tena jani la mtunguja, likapita kama maji. Akahamia mbono, jani moja. Akahamia mnyaa, ncha tu. Akazunguka bonde zima, kila kichaka kidogo, kisha akalala akicheua. Kila siku aliongeza mzunguko, lakini hakurudi kichaka kimoja mara mbili mfululizo. Siku ya tano mtoto akavuta chuchu, na povu jeupe likamjaa mdomoni! Mbuzi akarukaruka juu ya mawe, akalia hadi bonde likaitika.

Na tangu siku hiyo mbuzi hapigi kambi kwenye kichaka kimoja. Mkimwona anaonja hapa, anahamia kule, kisha amejilaza anatafuna na mbele yake hakuna jani, msimpige fimbo. Anawapa mafundi nafasi. Mkimfungia penye sumu tupu, naye hufa, kwani mafundi wana mwisho wao, hata wale walio ndani yetu.

Ee Mungu, warehemu wapendwa wetu ambao ubomoaji uliwazidi mafundi wao, nasi tumewashika mikono. Walaze mahali pema. Amina.