Paka Aliyerudi Motoni

Wapendwa, kule Misri ya kale paka hakuwa wa kukamata panya tu. Walikuwa na mungu wa kike mwenye kichwa cha paka, na paka wa nyumbani akifa, watu wa nyumba ile walinyoa nyusi zao kuomboleza. Nyusi, jamani! Sasa nisikilizeni.

Kulikuwa na mtu mmoja huko, mshika dini kwelikweli. Paka wake alikula kabla ya watoto. Mama yake, kikongwe asiyeweza kusimama, alilala chumba cha nyuma, naye ndiye aliyemchambulia paka miiba ya samaki kwa vidole vinavyotetemeka.

Mchana mmoja nyumba ikashika moto. Yule bwana akatoka shambani mbio, roho mkononi. Mnadhani aliwaza nini? Paka! Akajitosa ndani, akampata kando ya kitanda cha mama, akambeba. Mama akamshika nguo.

"Mwanangu, usiniache."

"Narudi, mama. Nimtoe kwanza mtukufu."

Akaivuta nguo yake, akatoka na paka kifuani. Majirani wakamshangilia! Alipogeuka arudi ndani, paka akamparura uso, akachomoka, akakimbilia motoni. Yule bwana akapigwa na bumbuwazi. Kabla hajainua mguu, paa likaporomoka.

Walipofukua majivu walimkuta paka mapajani mwa bibi.

Kesho yake majirani wakaja kumpa pole. Walimkuta amekaa chini, ameshika wembe, nyusi zake hajazigusa. Wakamuuliza mbona hajanyoa, na paka amekufa.

"Nyusi ni za paka," akasema. "Kwa mama niliyemwacha, ninyoe nini?"

Ninyi mngemjibu nini?

Tusiwacheke Wamisri. Mvua ya juzijuzi ilipovuja humu kanisani, tulikuja mbio wote, mimi wa kwanza. Tuliokoa vipaza sauti, tukaokoa mapazia ya madhabahu, tukapongezana. Mvua ileile iling'oa bati la bibi yule anayekaa nyuma ya ukuta huu, yule anayetufagilia uwanja kila Jumamosi. Nimeambiwa jana tu, na nimeona aibu. Siku tisa analala chini ya turubai, nasi tunaimba hapa, anatusikia.

Leo sitatoa baraka ya mwisho humu ndani. Inukeni, tukaitolee kwake.