Mboga ya Mjane

Nyanya mbichi haiwekewi matanga, hubandikwa jikoni.

Mnacheka? Chekeni tu, meno ni yenu. Mama Zubeda ametamka methali hiyo mbele yenu sasa hivi, nanyi mkaangua kicheko, eti nyanya gani ya kuwekewa matanga, na sanda itavishwa? Kisha mnaniuliza ilitoka wapi. Basi kaeni vizuri, na simu hizo wekeni kando, maana kuna mwanamke aliyekula uchungu ndipo nyinyi mkapata msemo wa kuchekea. Mambo yalianza hivi.

Huku huku milimani, kijiji cha Kwemahala, aliolewa binti mmoja wa Tanga mjini, jina lake Mwantumu. Mama yake alikuwa akiuza bajia kwa chatne ya embe mbichi, na Mwantumu alikulia kwenye moshi wa karai. Mumewe, Hoza, alikuwa mkulima wa huku. Watu walimsema sana yule binti. Mke wa mjini, walisema, atashika jembe au atashika kioo? Akashika jembe. Mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu, wala hakumlalamikia mtu. Kisha Hoza akaugua kifua, akafa, na walikuwa hawajajaliwa mtoto.

Hapo ndipo penye neno. Ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Mjane asiye na mtoto aliachiwa shamba la mumewe kwa msimu mmoja. Msimu ukiisha, wazee huja kula kwake. Unga huja nao wenyewe, lakini mboga lazima itoke katika shamba lile. Cha kuletwa kutoka nje ni chumvi tu. "Ugali wa ukoo, mboga ya mjane," ndivyo walivyosema. Ugali ukiliwa ukaisha, shamba limelisha watu, basi ni lake mpaka kufa kwake. Ukibaki kwa kukosa mboga, shamba linarudi kwa ndugu wa mume, naye afungashe aende kwao. Na Mwantumu hakuwa na kwao tena. Mama yake alikwisha kufa, na chumba walichopanga Tanga kilikuwa na watu wengine. Shamba lile ndilo lililokuwa kwao.

Ndugu wa mume alikuwa mmoja, Kaniki. Loo, yule bwana! Alikuwa na mashamba yake mawili, moja limeota magugu mpaka kiunoni, lakini jicho lake halikutoka kwenye shamba la mjane. Kila akipita anasimama ukingoni, anatabasamu, anasema, "Pole na kazi, shemeji," kama mtu anayepima kitambaa dukani.

Mwantumu alipanda nyanya shamba zima. Mwaka ule baridi ilikuwa kali, nyanya zikachelewa. Siku ya wazee ilipokaribia zilikuwa zimejaa, ngumu, za kijani kibichi, ila chache za chini zilizoanza wekundu. Akahesabu kuwa hizo chache na mchicha wa pembeni zitatosha. Siku moja kabla ya karamu akashuka gulioni kununua chumvi.

Aliporudi alikuta shamba jeupe. Mashina yote yameng'olewa, yamelazwa chali, mizizi juu. Mchicha umeparuliwa. Na zile nyanya chache zenye wekundu zilikuwa zimekanyagwa, moja moja, kwa kisigino. Katikati amesimama Kaniki, jembe begani.

"Ah, shemeji, umerudi! Nimekusaidia kusafisha. Shamba lipumue kidogo kabla ya kupanda mahindi."

"Mahindi ya nani?"

"Ya mwenyewe."

"Na nyanya zangu, Kaniki?"

"Zilikuwa mbichi, shemeji. Nyanya mbichi hata mbuzi hazigusi. Hujapoteza kitu." Akaondoka zake, anapiga mluzi.

Jamani, kuna hasira na hasira. Kuna ile ya kupiga kelele ikaisha. Hii ilimziba Mwantumu sauti. Akaingia jikoni kwake, akachomoa kijinga cha moto mekoni, akatoka nacho. Ghala la mahindi la Kaniki lilikuwa ng'ambo tu ya shamba, limeezekwa nyasi kavu. Alikuwa anakwenda kulichoma, msidanganyike. Hakuwa anakwenda kulitisha.

Akakata katikati ya shamba lake ili afike upesi. Hatua chache tu, mguu ukakanyaga nyanya. Haikupasuka. Ilikuwa ngumu kama kokoto, ikamtelezesha, akaanguka chini pwaa, uso kwenye udongo. Alipoinuka aliiokota ile nyanya, na kwa ghadhabu tu, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumng'ata, akaing'ata yenyewe.

Uchachu ukamshika nyuma ya taya, mate yakajaa mdomoni. Ulikuwa uchachu wa embe mbichi, ule ule wa bakuli la chatne la mama yake. Akaiangalia nyanya ile, akaviangalia vyungu vyake mlangoni, akaliangalia ghala la Kaniki. Akatema mate upande wa ghala. Kisha akaokota kijinga chake, kingali kinafuka, akageuka nyuma.

Nyumbani akakuta majirani wamekwisha jaa uani. Habari mbaya haihitaji punda wa kuibeba. Wamekaa chini, khanga vichwani, viganja mashavuni, wanavuta makamasi. "Pole, Mwantumu. Masikini, mtoto wa watu. Ndiyo basi tena." Mmoja alikuwa ameshaanza kumpangia safari, atapanda gari gani.

Hapo sauti ikatoka.

"Nani amekufa hapa?" akafoka. "Nauliza, nani amekufa? Hoza nilimlilia, matanga yake tuliyaanua hapa hapa uani. Leo mnamlilia nani? Nyanya? Nyanya mbichi haiwekewi matanga, hubandikwa jikoni! Anayetaka kulia akalie kwake. Anayetaka kukaa hapa, ashike kisu!"

Wakatazamana. Wawili wakanuna, wakaondoka. Waliobaki wakashika visu.

Waliokota nyanya zote, wakazifuta udongo, wakazikatakata, wakazitia chumvi zitoe maji makali, wakazikamua. Ukutani vilining'inia vitunguu alivyovuna ukingoni mwa shamba lile lile. Kaniki hakuviona. Kwenye ua wa shamba kulikuwa na mpilipili. Kaniki hakuujali. Chini, shamba linapoishia kijitoni, ilisimama miwa ya Hoza. Wakaitwanga kinuni, wakakamua maji yake yawe sukari. Mwantumu akakisukuma kile kijinga chini ya chungu, kile kile, akapuliza mpaka moto ukashika. Akakoroga mwenyewe. Hakumwachia mtu mwiko, kwa sababu mikono yake ingekaa bure ingekumbuka ghala. Ikachemka, ikapungua, ikawa nzito, ikang'aa.

Siku ya pili wazee wakaja na unga wao, Mzee Singano mbele, ami yake Hoza. Kaniki naye akaja, kanzu imepigwa pasi. Ugali ukapakuliwa kwenye sinia kubwa, wakauzunguka. Kaniki akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Leo tutakula ugali kwa maji ya kunawa." Mwantumu akaweka bakuli katikati, akafunua kawa.

Mzee Singano akafinyanga tonge, akachovya, akatia mdomoni. Jicho moja likafumba. Akachovya tena. Wengine walipoona anarudia, wakaharakisha mikono. Kaniki akaonja ili apate la kukashifu. Akaonja tena ili ahakikishe. Kaniki alikuwa mlaji, Mungu alimpa hilo, na pilipili ile humwita mtu arudi. Bakuli likajazwa mara nyingine, likarudi tupu.

Alipokumbuka kazi iliyomleta, akajifuta mdomo. "Wazee, hii si mboga ya shamba. Huyu amenunua vitu gulioni."

"Ni nyanya," akasema Mwantumu.

"Nyanya gani? Shamba halikuivisha hata moja!"

"Halikuivisha kwa sababu gani, shemeji? Waambie wazee."

Kaniki akakohoa. "Mimi nilikuwa nasafisha..."

"Ulizing'oa!" Mwantumu hakukaa chini kama wakamwana wanavyokaa mbele ya wazee. Alisimama wima. "Ulizing'oa mbichi, na zilizoiva ukazikanyaga. Ukaniambia sikupoteza kitu. Nilitaka kuchoma ghala lako, Kaniki. Mungu shahidi, kijinga kilikuwa mkononi. Hicho hicho ndicho kilichopika unachokilamba vidoleni."

Kaniki akaviangalia vidole vyake.

Mzee Singano akainua mkono, watu wakanyamaza. "Desturi haiulizi mboga imeiva au mbichi," akasema. "Inauliza ugali umebaki au umeisha. Kila mtu aangalie upande wake wa sinia. Kaniki, mwanangu, upande wako kumebaki nini?"

Wote wakatazama. Upande wa Kaniki ulikuwa umekombwa mpaka sinia linang'aa.

Shamba likawa la Mwantumu. Mzee Singano akamtaka Kaniki aombe radhi, akaomba kwa sauti ya chini. Mwantumu akajibu, "Nimesikia," basi. Msitafute kwamba walikumbatiana, hawakukumbatiana. Aliongeza neno moja tu: "Kesho uje na jembe na miche." Akaja. Akapanda shamba zima, mstari kwa mstari, watu wakipita njiani wanamtazama, na Mwantumu amesimama kichwani mwa mstari, mikono kiunoni. Hata maji ya kunywa hakumpa. Hasira yake aliishi nayo mpaka uzeeni. Lakini aliishi nayo ndani ya nyumba yake, juu ya shamba lake.

Naona hamcheki tena. Vizuri. Siku nyingine mtu akiwang'olea chenu kabla hakijaiva, nanyi mkakaa uani viganja mashavuni, mtanisikia nikifoka kama yeye: nyanya mbichi haiwekewi matanga, hubandikwa jikoni.