Majani ya Kisamvu ya Nyanzala

"Kimya cha kipimo si uzima wa muhogo." Wajukuu wa Bibi Milembe walimsikia akimwambia jirani hivyo, wakamng'ang'ania aeleze.

"Methali hii ilianza hivi," akasema, "na anayesikiliza amenye mihogo huku akisikiliza."

Mihogo ya kijiji ilikuwa ikioza ardhini, juu majani yamestawi. Shamba la mama mmoja, Nyanzala, pekee ndilo lililosifiwa kuwa zima, na watu walingoja mvua wakakate pingili za mbegu kwake. Kabula, binti wa kaka yake aliyemlea mwenyewe, alifanya kazi maabara ya kilimo. Akaomba majani ayapime kwanza.

Nyanzala akachuma ya kileleni, machanga, yale ya kisamvu, akayafunga kwenye kanga safi. Watu wa maabara hawapelekewi makapi, ati!

Kabula akayasaga, akayatia kwenye kipimo cha rangi. Virusi vya uozo ule vikiwamo, maji hugeuka manjano. Hayakugeuka. Alifurahi karibu apige vigelegele, ila moyo ukasita, kwa kuwa kipimo kile huhitaji virusi vingi ndipo kiseme. Akatumia cha pili, kinachozidisha alama ndogo ya virusi mpaka ionekane. Hicho kikasema vimo. Kabula alilia, kisha akaenda shambani.

"Shangazi, mbegu hii isigawiwe."

"Kipimo cha kwanza kilisemaje?"

"Kilinyamaza."

"Basi! Aliyenyamaza hana kesi."

"Kilinyamaza kwa kuwa hakisikii sauti ndogo. Na wewe ukanipa kisamvu, shangazi. Ningepata ya chini, yaliyokomaa, ambamo virusi hujaa zaidi, huenda kingesema."

"Nikupe makuukuu, watu wanicheke?"

Nyanzala aling'oa shina, akakata muhogo. Mweupe pe. Akamtazama Kabula kwa hasira, akang'oa jingine. Ndani kulikuwa na michirizi ya kahawia. Panga likamtoka mkononi.

Majirani walipofika na mapanga yao kukata mbegu, aliwazuia njiani, akalitia moto shamba lake mwenyewe. Walimlaani yeye na Kabula, na msimu ule njaa iliwauma kweli.

Baadaye ililetwa mbegu nyingine, ikapandwa kwake kwanza. Ilipokomaa, Kabula alimkuta shangazi yake ameshachuma majani makuukuu ya chini, ameyafunga kwenye kanga ileile.

"Kapime kwa vyote viwili, mwanangu," Nyanzala akasema. "Kimya cha kipimo si uzima wa muhogo."